Bwawa Nililolijaza Nikiwa Kitini

Niliondoka Msambweni siku ya Alhamisi, shule zikiwa zimefungwa, na kilichonitoa nyumbani ni hasira ya kuitwa mwongo. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Wakati wangu wa mapumziko huumalizia katika jukwaa la mtandaoni la watu wanaopenda lile tufe la dunia la kwenye kompyuta, unalolizungusha kwa kidole ukashuka mpaka juu ya bati la nyumba ya mtu. Mwezi ule ziliwekwa picha mpya za upande wa Kinango. Nikaona bwawa limejaa pomoni, nikalitia alama na maneno: "Maji ya kudumu." Jukwaa likaitangaza alama yangu katika habari zake kuwa ndiyo ugunduzi wa mwezi. Nikapongezwa na watu wa nchi nisizozijua, na kichwa kikavimba, sifichi.

Kisha mwanamke anayeitwa Mbeyu akaandika chini ya habari ile: "Mimi naishi hapo. Maji hakuna. Na lori lililokuwa likituletea limeacha kuja, tunaambiwa tuna bwawa." Wenzangu wakamcheka. Mmoja akamshauri anunue miwani. Mimi nikamwandikia kwa ukali kwamba nitakuja mwenyewe nimwonyeshe hilo bwawa kwa kidole. Akajibu, "Karibu, mwalimu," akanielekeza kwake.

Saa mbili asubuhi nilikuwa Kwale mjini, kwenye baridi ya mlimani, nikanywa chai na mahamri mawili. Pikipiki ikanipitisha msitu wa Shimba, barabara ina mavi ya ndovu ya usiku ule. Tulipoanza kuteremka upande wa pili, majani yakaanza kupauka, na vumbi likaniingia mpaka ndani ya buibui. Bado nilikuwa nayapanga maneno ya kumwaibisha Mbeyu.

Saa nne nikapiga hodi. Mbeyu ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, na siku hiyo alikuwa na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Watu wa Msambweni hawajambo?"

Sijajibu sawasawa, amekwisha kuniletea kigoda na kikombe cha maji, nusu. Nikayanywa yote, nikamrudishia kikombe huku nikingoja cha pili. Hakikuja. Nikamwona mchoyo, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Tulitembea mpaka bwawani, simu yangu mkononi. Ramani ikanionyesha kwamba nimesimama katikati ya maji. Chini ya viatu vyangu udongo ulikuwa umepasukapasuka, na alama za kwato za ng'ombe zimekaukia humo.

"Lakini picha ni mpya," nikasema.

"Hebu nione." Akaishika simu. "Haya mahindi ya pembeni ni mabichi, siyo? Basi hiyo ni ya masika. Mahindi hayo tulishayavuna, tukayala, yakaisha."

Picha ilikuwa mpya kwenye tufe tu. Na mimi, ninayefundisha majira kila mwaka, nikasomeshwa picha na mtu niliyekwenda kumsomesha. Niliona haya, nikainama nikaokota bonge la udongo, nikalifunga katika leso.

Tuliporudi kwake nikauona mtungi wa njano umeinamishwa kinywa chini, mkavu.

"Mbeyu, yale maji niliyokunywa?"

"Yalikuwa ya mgeni," akasema. "Mgeni hanyimwi maji."

Tangu hapo hasira yangu ikageuka njia. Saa nane nilikuwa Kwale tena, katika ofisi ya wale wanaopanga safari za malori ya maji. Ofisa akaangalia kompyuta yake.

"Mama, hapa pana maji ya kudumu. Imethibitishwa."

"Na nani?"

"Ipo kwenye ramani."

"Wewe ulifika?"

"Ratiba haikuruhusu."

Nikaifungua leso juu ya meza yake. "Alama hiyo niliiweka mimi, nikiwa nimekaa kitini kwangu nakunywa chai. Maji yenyewe ndiyo haya." Akataka maandishi. Nikaandika pale pale: bwawa hili ni kavu, aliyesema lina maji ni mimi, na nilisema kabla sijafika. Nikatia sahihi.

Jioni, nyumbani, nikaifuta alama. Wasimamizi wa jukwaa wakairudisha. Wakaniambia neno la mtu mmoja haliishindi picha, na ugunduzi wa mwezi ukishatangazwa haubatilishwi. Watu hawa wanaweza kuhesabu miti ya uani kwako, lakini mwenye ua hawamwamini ng'o. Inaniuma zaidi kwamba nilikuwa mmoja wao, na ningekuwa hivyo mpaka leo kama nisingenyanyuka kitini. Siku hizi wanafunzi wangu wakinionyesha picha ya mahali, nawauliza kwanza: nani anakaa hapo, na mmemuuliza?

Siku ya nne tangu nirudi, chini ya habari ile ile ambayo haijafutwa, Mbeyu akaandika tena: "Lori limefika leo. Mwalimu, karibu. Safari ile kikombe chako hakikujaa."