Vichwa vya Watu Si Barabara

Wifi yangu ni msusi. Ana kibanda cha mbao kando ya barabara, kiti kimoja cha mteja, benchi la wanaosubiri, na kioo kilichopasuka pembeni ambacho wateja wanakipenda kwa sababu, wanasema, kinawanenepesha kidogo. Kutwa nzima amesimama nyuma ya watu. Anajua nani ana kovu kisogoni, nani ameanza kuota mvi na hataki mumewe ajue. Ukimchokonoa akwambie, anakukata maneno: "Mimi nasuka, sitangazi."

Mtaani wanamwita Rubani, na walianza kumwita hivyo kwa kumkejeli. Mteja wake mmoja alikuwa na droni, ile ndege ndogo yenye mapanga manne kama ya feni, akaichoka, akamuuzia. Siku alipoileta nyumbani, mume wangu, ambaye ni mdogo wake, alishika kiuno.

"Dada, wenzako wananunua friji."

"Friji hairuki," akamjibu.

Hakuitaka kwa biashara. Alisema maisha yake yote ametazama visogo vya watu, sasa anataka kutazama mbali.

Wiki ya kwanza tu alitutia aibu. Tunakaa nyumba ya wapangaji wengi, ua mmoja, bafu lisilo na paa. Asubuhi hiyo nilikuwa namwogesha mwanangu kwenye beseni, wifi akairusha palepale uani. Ikapita juu yetu ikivuma kama nyuki walioudhiwa, ikaenda kuning'inia juu ya bafu. Ndani alikuwemo jirani yetu, Mama Pacha. Tukasikia kopo likianguka.

"Nani huyo? Nani ananichungulia kutoka mbinguni?"

Akatoka na taulo, povu limemjaa masikioni.

"Rubani! Huyo nzi wako ameniona mzima mzima!"

"Haikuwa inapiga picha, Mama Pacha, haki ya Mungu."

"Ina jicho, haina jicho?"

"Ina jicho."

"Basi imeona!"

Wapangaji walikufa kwa kicheko. Mama Pacha hakucheka, na wifi naye hakucheka. Aliishusha, akamwonyesha simu inayopokea picha za droni ili ahakikishe hakuna kitu, akamwomba radhi mbele ya wote. Kisha akaja kuchutama kando ya beseni langu. Mwanangu alikuwa hata kukaa bado, utosi wake laini, unadunda. Wifi akaweka ncha ya kidole pale, kidole kilekile cha kusukia.

"Wifi," akasema, "nimepitisha lile dude juu ya hapa."

Nilikuwa bado nimeudhika, nikaendelea kuogesha. Ila kidole hakukiondoa mpaka nilipomtoa mtoto majini.

Mama Pacha alipeleka mashtaka kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti akaamua hivi: droni isiruke tena mtaani mpaka siku ya michezo ya mtaa. Siku hiyo Rubani ataiongoza uwanjani mbele ya watu wote. Mambo yakienda salama, atapewa ruhusa ya kuirusha uwanjani siku zote. Yakiharibika, au mtu mmoja tu akilalamika, droni itoke mtaani na isirudi.

"Na mimi nitakuwepo," akasema Mama Pacha, "na macho yangu yote mawili."

Tangu hapo wifi alibadilika. Kwanza alikwenda ofisi ya usafiri wa anga kuuliza sheria, akarudi na uhakika kwamba uwanja wetu hauko kwenye njia ya ndege kubwa. Kisha kila alipopata nafasi akawa anakwenda mbali, kwenye shamba lisilolimwa, kuzoesha mkono. Jioni akirudi ananisimulia huku tunachambua mboga. Isipotee machoni. Upepo ukikaza, usiirushe. Ishushe betri ikiwa bado ina nguvu, usingoje izimike. Usimpige mtu picha kabla hujamwuliza. Haya alikuwa ameambiwa kule ofisini. Lakini kulikuwa na moja lake mwenyewe, ambalo alilisema kwa sauti ya chini: isipite juu ya kichwa cha mtu, hata kidogo.

"Nikiipandisha najiuliza, ikizimika sasa hivi, inaangukia nini? Kama jibu ni mtu, naigeuza."

Nami akanipa kazi.

"Siku hiyo macho yangu yatakuwa juu. Yako yawe chini. Mtu akiingia mahali petu, niambie."

"Nikwambieje?"

"Sema 'mtu.' Usinianzishie hadithi."

Siku ya michezo tulifika uwanjani kabla ya wengine. Alichagua upande wenye majani marefu, mbali na viti na mbali na waya za umeme. Akachomeka vijiti, akavizungushia kamba aliyoisuka mwenyewe kwa rasta za rangi ya chungwa, zile nywele za dukani zilizobaki. Eneo kubwa, mpaka watu wakauliza kama anataka kujenga nyumba.

"Ndiyo, ya ghorofa," akawajibu. "Wapangaji hawatakiwi."

Basi akarusha. Mbio za magunia, mbio za vijiko, zote alizipiga picha kutoka pembeni, droni ikiwa juu ya majani matupu. Muuza maji alipokatiza kamba, nikasema "Mtu!" na kabla sijafunga mdomo droni ilikuwa imeshasogea na kutua. Alipotoka, ikapanda tena. Nilianza kupumua.

Ikaja fainali ya kuvuta kamba. Timu ya mwenyekiti ikashinda, na mwenyekiti akarukaruka katikati ya watu, jasho linamtiririka kutoka kwenye upara.

"Rubani! Ilete hapa juu yetu! Tupige picha ya ushindi!"

"Ilete! Ilete!" watu wakadakia.

 Huyu anayeomba ndiye aliyeshika ruhusa mkononi.

"Mwenyekiti," wifi akasema bila kushusha macho, "vichwa vya watu ni kazi yangu, si barabara yangu."

"Dakika moja tu!"

"Hata nusu."

"Muoga!" mtu akapiga kelele. "Rubani wa kuku! Mabawa anayo, kuruka hawezi!"

Uwanja mzima ukacheka. Mwenyekiti tabasamu likamkauka.

"Umesahau nani anatoa ruhusa hapa?"

"Sijasahau, mzee wangu. Ndiyo maana sitaki uumie."

Nilimtazama Mama Pacha. Alikuwa amefumbata mikono, mdomo ameubana. Nikajua tumekwisha.

Ndipo mwewe akashuka. Sijui alitokea wapi. Aliipiga ile droni kwa kucha, ikayumba, mlio ukakatika, ikaanguka kama jiwe. Puu! Panga moja lilivunjika, likaruka na kujichimbia kwenye udongo. Vyote viwili, droni na panga, vilikuwa ndani ya kamba ya rangi ya chungwa, kwenye majani yasiyo na mtu.

 Mwenyekiti, taratibu, alijipapasa upara.

Mama Pacha ndiye aliyetoka wa kwanza. Akaja mpaka kwenye kamba, akasimama hapohapo, hakuivuka.

"Hapo ilipoangukia palikuwa na mtu?"

"Hapana," wifi akajibu. 

"Kwa nini hapakuwa na mtu?"

"Kwa sababu sikutaka pawe na mtu."

Mama Pacha akageukia umati. "Mmesikia? Mwenyekiti, na pale ulipokuwa unaiita wewe, sasa hivi ingekuwa inakukata nini?"

Kicheko kilipasuka uwanja mzima, na mwenyekiti mwenyewe akacheka, hana ujanja.

"Mimi ndiye niliyeshtaki," Mama Pacha akasema, "na mimi ndiye ninayefuta. Droni ikianguka haijali wewe ni nani. Huyu amejali."

Mwenyekiti akakohoa kidogo. "Ruhusa imetoka."

"Kwa masharti gani?" mtu akauliza.

"Ya kwake mwenyewe. Yangu yangeniua."

Vigelegele vikaanza upande wa wanawake, vikaenea. Wifi aliingia kwenye majani, akaiokota droni, akaifuta udongo na kuikagua kila upande. Kwenye mkoba wake wa vitana alikuwa na mapanga ya akiba. Vidole vile vikalibadilisha lililovunjika. Akaijaribu chini chini, kimo cha goti, mpaka aliporidhika kwamba haiyumbi.

"Haya, wifi. Macho chini."

Sikuhitaji kusema lolote. Watu walirudi nyuma wenyewe, wakivutana mashati: "Toka kwenye kamba wewe! Sogea!" Mwenyekiti alikuwa ametanua mikono kuwazuia, na tumbo lake lilikuwa la kwanza kutii. Nikausikia mvumo ukipanda. Droni sikuiona, maana kazi yangu ilikuwa kuwatazama watu, na niliona nyuso zote zimeinuka, midomo wazi, uwanja mzima unashangilia kwa sauti moja.

Wifi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye rimoti, kwa hiyo machozi nilimfuta mimi.