Mzinga Mtamu wa Keziah

Mke wangu Keziah alizaliwa katika nyumba hii hii, chini ya kilima, na mizinga aliikuta. Bibi yake ndiye aliyemrithisha. Mimi nilikuja baadaye kwa kuoa, na miaka yote nyuki walinihesabu mgeni.

Shule hakuiona, wala mimi sikuiona. Lakini maneno ya zamani alikuwa nayo, ya bibi yake. Alisema wazee wetu hawakuijua sukari. Utamu wao wote ulitoka kwa nyuki, ndiyo maana ukichokonoa majina ya vitu utakuta asali chini. Hata ukungu unaoota kwenye mkate, jina lake katika lugha ya wazee hao lilikuwa umande wa asali.

"Usiutukane," aliniambia. "Ulianzia mahali pazuri."

Na kitamu kwake hakikuwa cha ulimi tu. Ndoo iliyosuguliwa isinuke maziwa ilikuwa tamu. Kisima kisicho na chumvi, kitamu. Majani ya ng'ombe yaliyokaushwa vizuri juani, matamu. Mimi mwenyewe aliniita mtamu Jumamosi moja, nilipotoka kuoga.

Mzinga mtupu nao aliufanya mtamu kabla ya kutia nyuki. Aliusugua ndani kwa yale majani yanayonukia ndimu, akapaka asali kidogo. Nyuki hawaingii nyumba chungu, alisema.

Nao huambiwa kila jambo la nyumbani. Unagonga mzinga kwa ufunguo wa mlango, unasema: mtoto kazaliwa, fulani kaoa. Mwenye mizinga akifa wasiambiwe, huhama au hufa. Keziah aliwaambia hata habari za viazi.

Alikufa mwezi wa Mei. Kwenda kuwaambia sikuweza. Alikwenda Dorcas, dada yake.

Jumamosi baada ya mazishi, mzinga mkubwa ulitoa kundi zima. Likapanda juu kama moshi.

"Shemeji! Wanahama!" Dorcas alipiga kelele. "Si nilikwambia?"

"Uliwaambia wewe."

"Mimi ni nani kwao? Mwenyewe ni wewe sasa, na mdomo umeufunga kama mlango wa kanisa siku ya Jumatatu!"

Nilichukua sufuria na ufunguo, nikatoka nikipiga. Kwetu, anayefuata nyuki wake akipiga chuma hakuna uzio wa kumzuia. Akinyamaza, nyuki ni wa mwenye shamba walilotua.

Walitua kwenye mti wa plamu wa Enoch Tranter, jirani yetu. Enoch aliwatamani nyuki wa Keziah tangu ujana. Alishasimama chini yao na mzinga wake mkononi.

"Umechoka, Silas," akasema. "Weka sufuria chini. Wamechagua wenyewe."

"Napiga."

"Miguu inakutetemeka, nakuona."

"Miguu haipigi. Inapiga mikono."

Dorcas akadakia kutoka nyuma ya uzio: "Enoch! Keziah ulimkosa, na nyuki wake utawakosa!"

Enoch alicheka mpaka akakohoa. Akaweka mzinga wake chini.

Kama nyuki wangenipotea, Keziah ningekuwa nimemzika mara ya pili. Hilo nililijua. Nilimpa Dorcas sufuria, akaokota jiwe la kuipigia.

"Piga wewe. Usiache."

Alikuwa amebeba mzinga wetu mtupu, ule wa kusukwa kwa mabua ya ngano. Niliingiza pua ndani. Vumbi na panya.

"Huu si mtamu," nikasema.

Majani alichuma Enoch, bustanini kwake mwenyewe, bila kuombwa. Nilisugua kama nilivyomwona Keziah akisugua: kuanzia juu, kwa kuzungusha, mpaka viganja vikawa kijani. Asali Dorcas alikuwa ameileta kwenye kikombe. Nikapaka. Nikanusa tena. Ulikuwa mtamu.

Nikaushika chini ya tawi, nikaugonga kwa ufunguo.

"Keziah amekufa," nikasema. "Mimi ni Silas, mumewe. Mwenye nyumba ni mimi sasa. Kaeni nami."

Dorcas aliacha kupiga, akatandaza nyasini shuka aliyokuja nayo. Nilitikisa tawi mara moja, wakamwagika ndani kama ngano. Nikaulaza mzinga kwenye shuka, mlango ukielekea kivuli. Wengine walibaki wakizunguka hewani. Tukangoja.

Kisha wachache wakasimama mlangoni, mikia juu, wakipepea mabawa. Hivyo ndivyo wanavyowaita wenzao.

"Malkia yumo," Enoch akasema, kofia mkononi. "Ni wako, Silas."

"Najua."

Jioni niliwabeba hadi nyumbani. Mizinga mingine nikaigonga mmoja mmoja, nikaiambia. Maneno yalitoka bila shida.

Wapo mpaka leo, na mwaka huu wamezidi. Siwaambii mengi. Wamenizoea.