Fenda ya Nyuma Kushoto

"Uongozi wa yadi ya magereji unapenda kuwatangazia wapangaji, wateja na umma kwa jumla kwamba, kuanzia Jumatatu ijayo, benchi la kungojea litahamishwa kutoka upande wa kulia wa lango na kuwekwa upande wa kushoto wa lango hilohilo. Uongozi unasikitika kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Tangazo hilo limepigwa chapa, limepigwa muhuri mara mbili, na limebandikwa kwa gundi ya vioo vya magari. Saa moja na nusu asubuhi, fundi bodi anayejulikana kwa jina la Vidole anasimama mbele yake na kulisoma mpaka nukta ya mwisho. Kisha anaketi kwenye benchi linalohusika ili afunge kamba za viatu.

"Wameandika vizuri," anasema, na kuondoka kwenda kazini, hatua kumi na mbili kutoka hapo.

Kazini anangojwa na gari dogo la kijani cha chupa, lililoinama kana kwamba limeangusha sindano na linaitafuta. Vidole anachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma kushoto na kupenyeza mkono kati ya tairi na bodi. Mafundi wengine hupima nafasi hiyo kwa rula. Yeye hutumia kile alichozaliwa nacho, na hapo ndipo jina lilipotoka.

"Vidole vitatu, gari la mzee," anaeleza. "Viwili, gari la kijana. Kimoja, gari la kijana asiye na mke. Hapa," anasema akijaribu kidole cha mwisho, "hapa naona tumefika kwenye kucha."

Gari limeshushwa. Springi zake za asili zimetolewa, zikawekwa fupi, ili bodi iyakaribie magurudumu. Faida zake ni za macho. Hasara ni kwamba tairi likipanda hukutana na ukingo wa ndani wa fenda, lile bati linalofunika gurudumu, na kuanza kuliwa.

Dawa inayopendwa ni kuukunja ukingo huo. Tairi hutolewa, rola ngumu hufungwa mahali pake, rangi hupashwa kwa hewa ya moto mpaka ilainike, kisha rola hupitishwa taratibu, huku na huku, mpaka ukingo ulale. Rangi ikiwa changa hutii. Ikiwa kongwe, hujiamulia.

Kwa miaka tisa Vidole amekunja fenda za magari sitini na moja. Rangi ilipasuka kwenye manne. Ukimuuliza habari za yale hamsini na saba yaliyosalimika, anakuna kichwa. Ukimuuliza habari za yale manne, anakutajia rangi ya kila moja, mwezi, na maneno aliyoambiwa na mwenyewe.

"La tatu lilikuwa jekundu," anasema. "Yule mama hakunitukana. Aligusa tu ule ufa, akaniambia, 'Haya, fundi.' Bora angenitukana."

Vidole ana umri wa miaka hamsini na sita. Alianza na mabati ya mabomba ya mvua na ndoo katika karakana ya mume wa shangazi yake, na anadai kwamba bati alilolizoea mtu humwambia kabla halijachanika. Dai hilo halijathibitishwa na maabara yoyote, lakini ndoo zake bado zinashika maji.

Mwenye gari ni mpima ardhi wa miaka thelathini na mmoja. Mipaka anayoiweka hutegemewa na majirani wasiosalimiana, na inasemekana hajawahi kukosea kwa zaidi ya sentimita. Gari alilirithi kwa baba yake, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Lina miaka ishirini na sita, na rangi ni ileile lililotoka nayo kiwandani. Vidole amelipitia lote kwa kisumaku kilichofungwa kwenye uzi, na kila mahali kimeng'ang'ania kwa nguvu moja. Hakuna kiraka.

"Marehemu alikuwa akilifuta kila Jumamosi kwa shati lake kuukuu," anasema Vidole. "Shati likiisha, anatoa jingine. Mkewe anasema mengine yalikuwa hayajaisha."

Mkewe huyo, mama yake mpima ardhi, ndiye kiini cha shauri lote. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na minne, na hata sasa watu humwita Karani. Ndani ya gari hilo kiti chake ni kimoja: nyuma, kushoto.

"Kiti cha mbele ni cha kugombana na dereva," anasema. "Nilikaa nyuma miaka ishirini na mitatu, na mimi na mume wangu hatukugombana hata siku moja. Barabarani, nasema."

Wiki saba zilizopita mwanawe alimpeleka kliniki ya magoti, springi fupi zikiwa na siku mbili. Kwenye tuta la kwanza ilisikika sauti kama ya mtu anayeburuta meza. Karani akauliza ni nini. Mwanawe akajibu kwamba ni barabara. Juma lililofuata akapanda dada yake mpima ardhi, mwembamba kama ufito, akakaa kiti kilekile, wakapita njia ileile. Kimya, kama binti mwenyewe alivyomsimulia mama yake.

"Barabara ni ile, gari ni lile, dereva ni yule," anasema Karani. "Kilichobadilika ni abiria. Sikuhitaji wakili."

Tangu siku ile ya tuta hajapanda. Huenda kliniki kwa miguu, dakika hamsini, na kupumzika mara mbili, akiyatumia magoti yale yale anayoyapeleka kutibiwa. Mwanawe humfuata nyuma na gari kwa mwendo wa kutembea, akimsihi kupitia dirishani. Yeye humjibu bila kugeuka kwamba hataki kuharibu mali ya watu.

Ndiyo maana mpima ardhi amekuja hapa na ombi moja: fenda ikunjwe, sauti iishe, mama apande.

"Kabla ya kukunja," Vidole anamwambia, "tuone panapogusa."

Njia yake ya kuona haimo katika kitabu chochote. Huchukua sabuni ya mche aliyoiloweka tangu jana, huikandika kwenye ukingo wa ndani wa fenda kama ufito mweupe, kisha gari huendeshwa likiwa na uzito. Tairi likigusa, huacha saini yake kwenye sabuni. Uzito hutolewa na shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kuchomelea kwenye banda la pili, mwenye kilo mia moja na nane kwa maelezo yake mwenyewe.

"Shemeji! Njoo, kuna kazi ya kukaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu. Nyuma, kushoto."

Shemeji anavua miwani ya kuchomelea na kujipangusa mikono. "Miaka yote dada yangu ananisema kwa mwili huu. Leo ukifika nyumbani mwambie mwili umepata soko."

Wanazunguka yadi mara mbili. Wakirudi, Vidole analala chali chini ya gari na tochi mdomoni. Sabuni imepanguswa mahali pamoja tu, urefu wa shubiri.

"Mimi nilipima," anajitetea mpima ardhi. "Palikuwa na milimita kumi na nne. Kumi na nne kamili!"

"Ulipima likiwa na nani ndani?"

"Hakuna mtu."

"Limesimama, halina mtu," anasema Vidole akijipangusa vumbi mgongoni. "Gari la namna hiyo, mwanangu, linaitwa picha."

Yaani mtu anayelipwa kwa kutoamini macho yake alilipima gari la familia bila familia. Mpima ardhi anainama kuitazama ile sabuni.

"Basi kunja tu, fundi," anasema hatimaye. "Ikipasuka tunapiga rangi."

"Utapiga ya kwako. Ile ya baba yako ataipiga nani?"

"Sasa nifanyeje?"

"Rudisha springi ndefu. Au tutafute za kati, linyanyuke vidole viwili."

"Viwili! Kwangu mimi hilo tayari ni gari la mzee."

"Lilikuwa gari la mzee."

Mpima ardhi anageuka upande mwingine. Alizihangaikia springi hizo miaka miwili, na marafiki zake wamekwisha kulipiga picha gari kutoka kila pembe, isipokuwa ile ya mama yake akitembea mbele yake.

Gari si lake; Vidole anatoa tairi. Anafunga rola, anakaza nati, anawasha hewa ya moto na kuipitisha juu ya fenda, mkono wa kulia ukiongoza moto, wa kushoto ukifuata kwa kiganja. Watu wa yadi wanajua kwamba hapo haongeleshwi. Rangi inapaswa kufikia joto ambalo kiganja hakiwezi kulivumilia zaidi ya hesabu ya tatu. Anahesabu moja. Anahesabu mbili. Anasogeza sikio karibu na bati, na kubaki hivyo.

Kisha anazima moto.

"Sikunji," anasema.

"Kwa nini? Imepasuka?"

"Haijapasuka. Ndiyo maana nakwambia sikunji."

Kuhusu alichokisikia, maelezo yake ni haba. "Ilikuwa inakaza," anasema. "Hamsini na saba zilikuwa zinalegea. Hii ilikuwa inakaza." Mtu mwenye tahadhari angesema aliogopa tu. Akiambiwa hivyo, Vidole hapingi.

"Nimeogopa, ndiyo. Mwenye rangi hayupo nimwombe radhi. Wale wanne nilikwenda mpaka kwao."

Halafu anafanya jambo ambalo mpima ardhi alikuwa amelikwepa kwa wiki saba: anampigia Karani simu na kumwomba afike.

Karani anafika saa tano, kwa miguu, miwani ikining'inia kifuani. Anasalimia banda zima, anakataa kiti, na kuagiza aonyeshwe sabuni. Anainama kadiri magoti yanavyomruhusu, anaitazama ile alama, kisha anauliza ni nani aliyekaa.

"Mimi, mama," anajibu shemeji.

"Wewe ndiye mimi?"

"Kwa niaba, mama."

Anamtazama kuanzia juu hadi chini. "Mmeniongezea," anasema.

Vidole anaeleza yote bila kupamba: ukingo, moto, rangi, springi. Karani anasikiliza akitikisa kichwa mahali panapostahili. Fundi anapofika penye kupasuka, Karani anamkatisha.

"Rangi ya mume wangu haiguswi. Hilo tumelimaliza."

"Na springi zangu, mama?" anasema mwanawe kwa sauti ndogo. "Nimezitafuta miaka miwili."

"Nimekusikia. Nilikusikia pia ulipokuwa unanifuata kwa gari kama askari." Anavaa miwani. "Ungesema tu, 'Mama, tairi linagusa ukikaa wewe.' Ningeudhika siku moja. Umeniudhi wiki saba."

"Samahani, mama."

"Imepokelewa. Nipeni karatasi."

Anapewa karatasi ya kuandikia kazi za wateja. Anaandika akiiegemeza kwenye boneti, kwa mwandiko ulionyooka ambao mawakili wa zamani walikuwa wakiuogopa. Akimaliza, anawasomea. Vidole ananyanyua mkono.

"Mama, kwa heshima, springi ya kulia ni sawa na ya—"

"Ushahidi umefungwa, fundi."

Tairi linarudishwa. Mpima ardhi anafungua mlango wa nyuma, safari hii wa upande wa pili, na mama yake anaingia, anakusanya nguo zake, na kuketi. Ni mara ya kwanza katika wiki saba. Gari linashuka kidogo upande huo. Mafundi wote, bila kuambizana, wanatazama gurudumu la nyuma kulia, kisha wanatazama juu, kila mmoja pake.

"Twende," anasema Karani. "Saa sita ninaonwa na daktari."

Gari linatoka. Kazi haikufanyika, na Vidole anaonekana kuridhika kuliko siku nyingi alizofanya kazi. Anakata kipande kingine cha mche wa sabuni na kukitia majini.

"Nawapa wiki tatu," anasema. "Sasa sauti itakuwa nyuma ya kisogo cha dereva mwenyewe. Akija, nitamwambia tena habari za springi za kati, vidole viwili. Pengine kimoja na nusu, asilie." Anatumaini kwamba gari la kijani halitakuwa lake la sitini na mbili. Akistaafu, anasema, angependa hesabu ya yale manne iishie pale ilipo.

Karani amemwachia nakala ya karatasi, na fundi ameikunja mara nne na kuitia mfukoni mwa ovaroli. Inasomeka hivi:

"Baada ya kuzisikiliza pande zote na kukagua sabuni, imeamuliwa: kwanza, fenda isikunjwe. Pili, springi zibaki kama zilivyo. Tatu, mama ahamie kiti cha nyuma kulia, kuanzia leo. Sauti yoyote itakayosikika upande huo itasikilizwa katika kikao kijacho, ambacho tarehe yake haijapangwa."