Ringi Nne za Luciana

Mke wangu Luciana alifariki masika haya. Nasema habari zake kidogo, zile za furaha.

Alikuwa mtoto wa mfinyanzi, mtu wa Iramba. Nilimwoa wakati wa Mwingereza, akaja kukaa nami Manyoni. Udongo wa Manyoni haukumkubali. Kila chungu alichofinyanga kilipasuka. Akaacha. Alikuwa akikaa mlangoni, mikono mapajani, akisema inamuuma kwa kukosa kazi.

Mimi nilikuwa kibarua wa gereji karibu na stesheni. Kazi yangu ringi, vile vyuma vinavyobeba tairi. Barabara zilikuwa mawe matupu. Motokaa ikifika kutoka Singida, ringi zimekwaruzwa, kingo zimepinda. Nilizinyoosha kwa nyundo, nikapaka rangi, nikaanika juani. Baada ya wiki mbili rangi inabanduka. Mnyapara wetu, Gasto, alisema rangi ndiyo mbaya. Nami nikasema hivyo hivyo.

Siku moja Luciana aliniletea chakula, akasimama kutazama.

"Baba Dina, hiyo ringi umeiosha?"

"Nimeifuta."

"Kwa kitambaa chenye grisi."

Gasto akacheka. "Shemeji, hiki si chungu."

"Naona, shemeji. Chungu kingeshapasuka, mngejifunza."

Mafundi wote wakacheka. Mimi sikucheka. Yeye hakuondoka. Akamwambia Gasto anaitaka kazi ile ya kupaka.

Gasto akamwonyesha ringi nne za motokaa ya daktari. "Zipake hizi. Dereva atakwenda Mkiwa, njia ile ile ya mawe, na kurudi. Rangi ikishika, kazi yako. Ikibanduka, chakula cha huyu uwe unakiacha nje."

Nilinyoosha kingo. Yeye akasugua grisi kwa majivu na maji ya moto. Akasugua kutu kwa msasa, halafu kwa mchanga laini, mpaka kidole kikipita hakikwami popote. Akapaka rangi nyembamba, akaziweka kivulini. Nikamwambia juani zitakauka upesi.

"Upesi ndio uliowaponza," akasema.

Akapaka tena. Na tena. Siku nne. Usingizini alikuwa akisugua shuka.

Sasa kosa langu. Kwetu kitu kipya hupakwa samli kipate baraka. Mtoto hupakwa. Asubuhi ya safari nikawahi gereji na kibuyu, nikazipaka ringi zote nne. Sikumwambia mtu. Kefa, dereva wa daktari, akaja akaondoka.

Jioni akarudi. Ringi hazikuonekana. Vumbi lote la njia lilikuwa limeganda juu yake.

"Nimeondoka na magurudumu," Kefa akasema, "nimerudi na vichuguu."

Luciana akagusa, akanusa kidole. Akanigeukia.

"Baba Dina."

"Nilitaka baraka."

"Ungeniombea tu kimya kimya."

Akaketi juu ya tairi bovu, akacheka mpaka machozi. Gasto hakucheka. Luciana akainuka, akachukua majivu na maji ya moto, akaosha. Ya kwanza ikang'aa. Ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa na mkwaruzo mrefu wa jiwe, chuma kinaonekana. Luciana akaacha kucheka.

Gasto akachuchumaa. Akachokonoa ukingo wa mkwaruzo kwa ukucha. Rangi haikuinuka. Akatoa kisu, akachokonoa kwa ncha. Haikuinuka. Jiwe liliichukua pale lilipopita tu, pembeni rangi imeshika chuma.

Akafuta kisu, akakirudisha mfukoni.

"Jiwe si kosa lako," akasema. "Kesho uje saa moja, shemeji. Huyu mwenye samli abaki na nyundo yake."

Luciana akaitikia, "Ndiyo, mnyapara," kwa sauti ndogo. Sikuwahi kuisikia sauti hiyo kwake.

Njiani kwenda nyumbani alisimama kwa kila jirani kueleza habari ya samli. Kwa Yunisi, muuza karanga, aliieleza mara mbili, akiniigiza ninavyopaka. Mikono yake haikutulia hata kidogo. Sikumkataza. Nilibeba kibuyu, nikamngoja amalize.