Hataza Yenye Majina Mawili

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Tukuyu yalipoanza kujaa redio na sabuni za nje, nilikuwa muuguzi kwenye zahanati ndogo Bulyaga. Hatukuwa na darubini. Mtoto akiletwa na homa na kikohozi, nilikuwa nakisia tu: malaria au nimonia?

Mwalimu wa hisabati aliyepanga chumba mtaa wa Ibighi alikuja kutibiwa jipu, akanisikia nikilalamika. Kesho yake alirudi na daftari.

"Nesi, majina ya wagonjwa sitaki. Nitajie dalili, na walichokutwa nacho hospitali."

Miezi mingi alikuja kila alipotoka shule, viatu vimejaa tope. Kutokana na hesabu zile alikata duara mbili za kadibodi, moja ikizunguka juu ya nyingine. Ukipanga siku za homa, kikohozi na kasi ya pumzi, kidirisha alichokitoboa kinakuonyesha uwezekano wa kila ugonjwa.

"Haikuamulii," alisema. "Inakushauri."

Siku moja bibi mmoja alileta mjukuu anayechemka. Nilikuwa nimeshashika klorokwini ya malaria mkononi. Kadibodi ikaonyesha nimonia, saba kwa kumi. Nikahesabu pumzi upya, nikamchoma penisilini, nikawapakia kwenye lori la chai kwenda hospitali. Wiki iliyofuata bibi alikuja na mkungu wa ndizi.

"Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Anacheza."

Mwalimu aligeukia dirishani, akajifuta macho. Hapo ndipo nilipojua kwamba nampenda.

Aliamua kwenda Dar es Salaam kuombea kifaa chetu hataza, hati ya kulinda uvumbuzi, mtu asije akakifanya chake.

"Twende wote," aliniambia.

"Mama anaumwa. Akipata nafuu nitakufuata."

Mama hakupata nafuu. Hati ilipotoka, mwalimu alinitumia nakala: wavumbuzi wawili, jina lake na langu chini yake. Niliisoma mpaka karatasi ikachakaa mikunjoni. Kisha alipata nafasi ya masomo Ulaya. Barua zake, nilizozifuata posta kila Jumamosi, zikawa fupi, zikawa za Krismasi tu. Ya mwisho ilisema ameoa.

Nilimwandikia pongezi, nikazichana, nikaandika nyingine. Wakati huo mama alikuwa ameshafariki. Ningeweza kwenda popote.

Siku hizi barua za kazini huletwa hadi mlangoni. Hata hivyo, Jumamosi nikitoka sokoni, miguu yangu hupitia posta.