Kompyuta Isiyokuwa na Sanduku

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka na bado inanitia haya, ingawa mvi zimeshanijaa kichwani. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, vitu vya nje vinaingia Songea kila wiki, nami nilikuwa kijana mtunza stoo wa shule moja hapa mjini. Nilijiona mjuzi. Nilishafika Dar es Salaam mara moja, nikaiona kompyuta kwa macho yangu ofisini kwa mjomba: sanduku kubwa mezani, kioo kama cha televisheni juu yake, na kibodi mbele. Basi, kwangu mimi kompyuta ilikuwa hiyo tu.

Marafiki wa shule walioko ng'ambo wakatutumia moja. Mzee Rashidi, dereva wetu, mtu wa Tunduru, akaifuata Dar kwa lori. Aliporudi nikafungua boksi mbele ya walimu. Ndani mlikuwa na kibodi nene, waya mbili na transfoma ndogo. Nikapekua makaratasi, nikapanda lorini, nikainua turubai. Hamna sanduku.

"Mzee, kompyuta iko wapi?"

"Si hiyo uliyoishika, mwanangu? Nimekabidhiwa boksi limefungwa, nami nimelileta limefungwa."

"Hii ni kibodi! Kompyuta umeiuza njiani!"

Nilisema hivyo, mwanangu, mbele ya watu, nikimwambia mtu wa rika la baba yangu ambaye dakika chache nyuma nilikuwa nimempa shikamoo. Hakubishana. Alinitazama, akaitazama kibodi, akaonekana kuchanganyikiwa kuliko mimi. "Wallahi, sijui unachokitafuta," akasema, akaondoka kwa miguu kwenda kwake Lizaboni. Mkuu wa shule akamsimamisha kazi.

Siku ya tatu Mama Komba, mpiga chapa wetu, akaja stoo. Akaigeuza ile kibodi, akaipima uzito mkononi. "Mbona nzito hivi? Na haya matundu ya waya huku nyuma ni ya nini?" Akachomeka waya moja ukutani, nyingine kwenye televisheni ya shule, akawasha. Herufi zikatokea. Mimi, usinicheke, nikaenda kuchungulia nyuma ya televisheni nione kompyuta imejificha wapi. Mama Komba alicheka mpaka akaketi, kisha akaigonga kibodi kwa kidole.

"Imo humu humu, baba, chini ya vitufe. Yote. Sasa Mzee Rashidi je?"

Nilikwenda Lizaboni siku ile ile. Nikapiga magoti uani kwake, mbele ya mkewe. Mzee akaniinua.

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Ila kazini kwenu sirudi. Jana sokoni mjukuu wangu kaitwa mjukuu wa mwizi. Watu wote waliosikia, utawafuata mmoja mmoja?"



Kwa hiyo, mwanangu, kitu usichokielewa kikifika mikononi mwako, kigeuze, kichunguze, waulize wenzako. Sema "sijui" mbele ya watu wala usione aibu. Lakini usimwite mtu mwizi kwa sababu tu wewe umechanganyikiwa. Neno hilo likishatoka, kupiga magoti hakulirudishi. Mungu akujalie ulimi mwepesi wa kuuliza na mzito wa kushutumu, na jina lako lipite salama midomoni mwa watu.