Korongo wa Shamba la Mtama

Mjukuu wangu alileta wageni wenye darubini, wakataka kujua ndege wako wapi huku mtoni. Nikawapeleka mwenyewe, maana hakuna anayejua mto huu kunishinda. Tulipofika kwa kona, matope yakanuka vile yalinuka zamani, na mguu wangu ukakataa kusonga.

Hapo ndipo cucu, mama ya baba yangu, alipanda mtama. Nilikuwa mtoto, kazi yangu kukaa juu ya jukwaa la miti na kufukuza ndege. Tulirusha vidonge vya matope kwa ncha ya fito, kuwatisha tu, kamwe si mawe. Siku moja nilichoka kufinyanga vidonge, nikarusha jiwe. Korongo mwenye taji akaanguka katikati ya mtama.

Nilimpelekea cucu kwa maringo, nikingoja sifa.

“Alikuwa anakula mtama yetu,” nikasema.

“Ati mtama? Ulimwona akikula?”

“Alikuwa ndani ya shamba, cucu.”

Akachukua kisu, akampasua tumbo. Nilingoja punje zimwagike. Wakatoka panzi na viwavi, wengine bado wazima, na punje hata moja haikuwemo.

“Huyu alikuwa analinda shamba pamoja na wewe,” cucu akasema. “Sasa rudi, kazi yake ufanye wewe.”

Nikarudi jukwaani. Chini, korongo mwingine alikuwa amesimama pale mwenzake alipoanguka. Sikutaka kumwona akimngoja; nikapiga kelele, nikarusha matope mpaka yakaisha. Hakuondoka.